Rada Iliyofunga Ramadhani

Saa kumi na dakika kumi za alasiri, siku ya Jumanne, Bwana Obeid alikuwa juu ya paa la nyumba yake Langoni, mtaa wa Amu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu kainyoosha, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, anatazama mpira. Mshambuliaji alikuwa amebaki yeye na kipa. Mguu ukainuka. Hapo picha ikaganda, kama ilivyoganda jana yake saa kumi na dakika kumi, na juzi yake, na siku zote tangu mwezi wa Rajabu.

"Taha!" aliita juu ya ukuta mfupi unaotenganisha paa lake na la jirani. "Rada yako imekuya."

"Si yangu, Bwana Obeid," Taha alijibu kwa sauti yake ya chini. "Ni dakika moya tu."

"Dakika moya mbele ya goli ni umri wa mtu."

Dakika ilipokwisha picha ilirudi. Wachezaji walikuwa wamekumbatiana na kipa ameketi chini. Obeid alikisia yaliyotokea katikati, akamimina chai.

Taha alikuwa fundi redio. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na vile ambavyo havikufungika alivichora daftarini mpaka akalijua kosa lake. Mtandao aliujenga mwenyewe: visanduku kumi na kimoja, sita Langoni, viwili Pate, vitatu Faza, kila kimoja juu ya paa la mtu aliyekubali. Hapakuwa na kisanduku kikubwa cha kuamrisha wengine. Kila kimoja kilipokea neno kwa jirani yake na kulipeleka kwa jirani wa pili, mpaka likafika. Watu wa Faza waliutumia kuzungumza na daktari wa Amu uso kwa uso, watoto waliutumia kusoma, na Obeid aliutumia kutazama mpira. Paa lake ni refu kuliko mengine yote ya mtaa, kwa hiyo alijihesabu mfadhili.

Chaneli za kawaida zilikuwa zimejaa. Mahoteli, maduka na kila nyumba yenye mgeni zilikuwa zikizungumza humo kwa pamoja. Zilizobaki wazi ni zile ambazo sheria imewapa rada. Mtu mwingine huruhusiwa kuzitumia, lakini kama anayekaa kwenye kiti cha mwenyewe. Akisikia rada, sharti atoke ndani ya sekunde kumi, asirudi kwa nusu saa, na chaneli mpya anayoiendea asitamke neno ndani yake kabla ya kusikiliza dakika nzima, asije akamkuta mwenyewe mwingine.

Taha aliwaeleza wenye mapaa kwa mfano wa vichochoro vyao. Langoni wanaume hukaa barazani pande zote mbili za kichochoro, na miguu yao huijaza njia. Akipita mwanamke, au punda mwenye mzigo, kila mmoja huvuta miguu yake, na mazungumzo hukatika mpaka apite.

"Chaneli ni ndia ya rada," alisema. "Sisi ni miguu."

Kazi ilikuwa kuivuta miguu yote kwa pamoja. Mwanzoni kisanduku kilichosikia rada kilikimbilia chaneli nyingine peke yake, na vile kumi vikabaki vikizungumza na mahali pasipo mtu. Faza ilikatikiwa mawasiliano na Amu siku mbili. Taha alikaa akafikiri, kisha akavifundisha visanduku adabu aliyofundishwa yeye na mamake: hatoki mtu barazani bila kuaga. Kisanduku kilichosikia rada kiliwatangazia wenzake, kikaitaja chaneli ya kuhamia, na kikangoja kila mmoja ajibu "haya". Jibu la mwisho likifika, vyote vilihama kwa hatua moja. Mpango ulikuwa mzuri. Ila kisanduku kimoja cha Pate kilikuwa na betri kuukuu na kilikuwa kizito kujibu. Kuagana kulichukua sekunde kumi na sita.

Rada yenyewe ilikuwa Ras Mkunguni, upande wa bara, mali ya Mamlaka ya Macho ya Bahari. Ilizinduliwa miaka minne nyuma, kwa hema, utepe na tarumbeta. Siku hiyo antena ilizunguka mara tatu. Waliokaa viti vya nyuma walimwona mtu aliyekuwa akiizungusha. Baadaye ikaonekana kwamba kifaa kimoja kinakosekana. Kikaagizwa, na tangu hapo kikawa njiani. Kunguru walijenga juu ya antena, wakalea vizazi vitatu bila kusumbuliwa. Kila asubuhi afisa wa zamu aliandika, "Hali shwari. Hakuna chombo kilichoonekana," na hakuwa amesema uongo. Katika miaka minne Mamlaka haikuona hata chombo kimoja cha magendo, ikatunukiwa ngao kwa utulivu wa bahari.

Habari za kunguru Taha alikuwa amezisikia. Lakini hakuwa mtu wa kutoa hukumu kwa ushahidi wa kunguru. Visanduku vilikuwa vikisikia rada kila siku, naye alivijenga mwenyewe, hakuona sababu ya kuviita waongo.

Wiki mbili baada ya Maulidi, kabla mtandao haujafika Faza, Ruba, binti wa Bi Huwaida wa huko Faza, alishikwa na uchungu siku zake zikiwa bado. Mumewe, Sadiq, alikuwa Mombasa kazini. Mamake alikuwa Amu, akimtafutia kitanda hospitalini. Hapakuwa na wakati wa kutafuta wa kumsindikiza. Hamdu, mwenye boti ya abiria, alimpakia peke yake na kuondoka. Kati ya Pate na Manda mashini ilizima, na mawimbi yakaanza kuingia ndani ya boti. Hamdu aliipigia simu Mamlaka.

"Sisi tunaiona bahari yote," afisa alimwambia. "Hapo unaposema hakuna chombo."

"Mimi nimo ndani yake."

"Angalia vizuri ulipo, kisha upige tena."

Hamdu aliangalia vizuri, akapiga tena mara tatu. Chombo cha uokozi hutumwa kwenye boti iliyoonekana, na hiyo haikuonekana. Walikaa hapo saa sita. Waliowakuta mwisho ni watu waliokuwa wakipeleka barafu Kizingitini. Ruba alikuwa amekwisha kufa, ameegemea mapipa ya mafuta, maji yamemfika kiunoni.

Baada ya siku arubaini ilikuja barua. "Mamlaka imepitia kumbukumbu zake na kuthibitisha kwamba saa hizo hapakuwa na chombo chochote katika maji hayo. Bwana Hamdu anashauriwa asiendelee kudai kuwapo mahali ambapo hakuwapo."

Hamdu aliitia barua kwenye karatasi ya nailoni na kuibandika ndani ya boti. Vijana wa bandarini hawakumhurumia. "Hamdu, yeo upo au hupo?" walimwuliza kila asubuhi, naye akawajibu, "Kwa nauli nipo, kwa serikali sipo."

Upande wa Bi Huwaida haikuwa mzaha. Kama Ruba hakuwapo baharini, basi alikuwa wapi saa sita nzima, mke wa mtu, yeye na mwanamume mwenye boti? Barua haikuuliza swali hilo. Iliwaachia watu waulize. Sadiq, aliyekuwa amerudi Faza kwa msiba, aliisoma nakala yake mara mbili, akaikunja, na tangu hapo hakuja tena kumwamkia mkwewe. Kila Alhamisi Bi Huwaida alimpelekea mkate wa kinu, wa mchele uliotwangwa nyumbani, kama Ruba alivyokuwa akimpikia. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa. Faza sahani ya mtu hairudishwi tupu. Hutiwa japo limau moja. Bi Huwaida aliipokea, akaiweka, na Alhamisi ya pili akaijaza tena. Haja yake ilikuwa moja: iandikwe mahali, na mtu mwenye muhuri, kwamba mwanawe alikuwa ndani ya maji yale, njiani kwenda hospitali.

Mwezi wa Rajabu Taha alifika Faza na visanduku vitatu. Kimoja, cha tisa, alikiweka juu ya paa la Bi Huwaida kwa sababu linaitazama Pate bila kizuizi. Siku ya pili yake, saa kumi na dakika kumi za alasiri, rada ilisikika kwa mara ya kwanza.

Taha aliandika. Daftari lake lilikuwa na safu ya saa, ya kisanduku na ya chaneli. Baada ya wiki sita aliona kwamba rada ilisikika na kisanduku cha tisa tu. Aliona kwamba huanza watu wakitoka msikitini baada ya swala ya alasiri, na huisha dakika ishirini na tano baadaye. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani ilianza mapema zaidi, saa tisa, kwa sababu futari haingoji. Siku ya Idi haikusikika kabisa. Kisha ikasikika mapema siku sita mfululizo, zile za kufunga sita ya Shawali, ikarudi kwenye saa yake.

Aliutazama ukurasa huo kwa muda. Mwishowe aliandika chini yake, kwa hati ndogo: "Rada inafunga."

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa Mamlaka, Valary, mwanamke wa bara mwenye viatu vya mpira na begi la vipimo. Ilikuwa imeripotiwa kwamba mtandao wa Langoni unachelewa kuipisha rada. Alipanda paa la Obeid, akawasha kipimo, na saa kumi na dakika kumi akahesabu.

"Sekunde kumi na sita, mzee Taha. Sheria ni kumi. Hizo sita ni za nini?"

"Za kuaga."

"Kuaga nani?"

"Wenzake. Hakiondoki mpaka vyote vijibu."

Valary aliitafuta nafasi ya kuandika jambo hilo kwenye fomu. Hapakuwa na nafasi hiyo, akaliandika chini ya "Mengineyo".

"Bi Valary," Obeid alisema kutoka kitini pake, "ukimshitaki huyu, mshitaki na rada. Mimi nimekosa mabao kumi na manne. Ninayo orodha."

"Baba, hiyo peleka kwa mahakama ya mpira," Valary alisema bila kuinua kichwa. Kisha akamgeukia Taha. "Ni kisanduku gani kinachoisikia?"

Taha alimpa daftari. Valary alisoma kurasa zote, na ule wa Ramadhani aliusoma mara mbili. Alikuwa amefanya kazi Ras Mkunguni miezi minane. Chakula chake cha mchana alikila chini ya antena, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine, na katika miezi hiyo minane kivuli hakikusogea isipokuwa kwa jua.

"Hii si yetu," alisema. "Twende Faza."

Walikwenda na Hamdu. Valary aliisoma barua iliyobandikwa botini tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, akaangalia muhuri.

"Kwa hivyo hii boti haiko?" aliuliza.

"Ilikuwa haiko siku ile," Hamdu alisema. "Siku nyingine iko. Shika hapo, kuna wimbi."

Bi Huwaida aliwapokea ukumbini, akawapa maji na tende, akawauliza habari za Amu. Taha alimweleza kwamba wamekuja kwa sababu ya rada. Bi Huwaida alisikiliza mpaka mwisho. Adhana ya alasiri ilipita, yeye na Taha wakaswali kila mmoja upande wake, na saa kumi na dakika nane akainuka.

"Haya, ingiani uani," alisema. "Ataka kuanza."

Ruba alikuwa amesimama mbele ya kinu, amewapa mgongo, leso yake imelowa mpaka kiunoni. Aliinua mchi. Alipiga mara tatu, akatua, akakung'uta ukingo wa kinu, akapiga tena mara tatu. Maji yalimtiririka miguuni na kwenda taratibu kwenye mfereji. Juu ya paa taa ya kisanduku cha tisa iligeuka kutoka kijani kuwa nyekundu, nacho kikaanza kuwaaga wenzake. Kuku mmoja alipita kati ya Ruba na kinu, akarudi.

Valary alitazama kipimo. Kipimo kiliandika: Rada ya baharini. Nguvu: nzuri sana.

"Sasa, hii ni nzuri kuliko yetu," alisema.

"Huja siku zote?" Taha alimwuliza Bi Huwaida.

"Siku zote. Mchele huroweka mimi asubuhi, hutwanga yeye. Tangu utoto wake hutwanga vivyo, matatu, kisha hukung'uta. Ukiwa ndiani wajua ni Ruba."

"Mbona hukunambia?"

"Uliniuliza habari za rada, Bwana Taha. Za Ruba hukuniuliza."

Taha aliona kwamba hilo ni kweli.

Fomu ya Valary ilikuwa na maswali, naye aliyauliza kwa sababu ndiyo kazi yake. "Marehemu ana leseni ya kutumia masafa haya?"

"Ana kinu cha bibi yake," Bi Huwaida alijibu.

Valary aliandika. Kisha alichutama, akachovya kidole kwenye maji yaliyokuwa yakipita sakafuni, akakitia mdomoni. Aliomba maji ya kisima cha nyumba, akayaonja pia. Ya kisima yalikuwa matamu. Aliandika: "Maji ya marehemu ni ya bahari."

"Mwanangu," Bi Huwaida alimwambia, "mimi sitaki kitu kwenu. Andika neno moya tu. Kwamba alikuwako baharini, ndiani kwenda hospitali. Nimpelekee mumewe alisome kwa mato yake."

"Nitaandika, mama."

Saa kumi na dakika thelathini na tano Ruba aliuegemeza mchi ukutani na hakuwapo tena. Bi Huwaida alipangusa sakafu kwa tambara, akachota unga, akauchekecha. Kabla hawajaondoka aliwapa mkate wa unga wa jana yake. Valary alikula vipande vitatu, akasema ni mzuri ila una chumvi kidogo. Bi Huwaida alimwambia kwamba yeye chumvi haitii.

Ripoti ya Valary ilikuwa ya kurasa mbili na ilisema mambo matatu. La kwanza, rada ya Ras Mkunguni haijafanya kazi tangu siku ya uzinduzi. La pili, mawimbi yanayosikika na mtandao wa Langoni hutoka uani mwa Bi Huwaida, Faza, ambapo marehemu Ruba hutwanga mchele kila alasiri. La tatu, kwa kuwa rada ilikuwa imezima, Mamlaka haikuweza kuona chombo chochote siku ile, na maji katika nguo za marehemu ni ushahidi wa mahali alipokuwa. Aliitia sahihi, akaipeleka kwa mkono wake.

Ofisi ya Mamlaka iliipokea kwa furaha. Haijapata kupokea ripoti yenye maneno "nguvu nzuri sana".

Barua ilikuja baada ya siku arubaini, nakala tatu za namna moja, ya Taha, ya Hamdu na ya Bi Huwaida. "Ukaguzi wa kitaalamu umethibitisha kwamba mawimbi ya rada yanasikika kila siku, kwa nguvu nzuri sana, mpaka ndani ya nyumba ya Bi Huwaida, Faza. Kwa kuwa rada inafanya kazi, na kwa kuwa rada inayofanya kazi haikuona chombo tarehe iliyotajwa, Mamlaka inathibitisha kwa mara ya pili, na sasa kwa ushahidi wa kisayansi, kwamba marehemu hakuwa katika maji hayo. Kuhusu suala la kinu, Mamlaka inaona kwamba hilo ni jambo la jikoni. Bwana Taha anapongezwa kwa ushirikiano wake na anaamriwa kuondoa sekunde sita."

Mambo mengine yalifuata yenyewe. Lile agizo la kifaa kilichokuwa njiani lilifutwa, maana hakikuhitajika tena. Mamlaka ilipata ngao ya pili. Valary alihamishiwa kaunti isiyo na bahari, kwa manufaa ya bahari. Kabla ya kuondoka alimpigia Taha simu. "Niliandika vile nilivyoona, mzee," alisema. "Najua," Taha akamjibu. "Nao wamesoma wanavyoona." Hamdu aliibandika barua ya pili chini ya ya kwanza, na abiria waliokuwa na muda walizilinganisha.

Barua ya Bi Huwaida ilisomwa Faza nzima kabla haijamfikia mwenyewe. Alhamisi hiyo sahani ya Sadiq ilirudi kama ilivyozoea kurudi.

Ijumaa Taha alipanda boti na bisibisi yake. Alikuwa amelifikiria jambo hilo siku nne, kwa utaratibu, na ameliandika pande zote mbili za daftari. Alimkuta Bi Huwaida uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Bi Huwaida, nimekuya kukiondoa kile cha tisa."

"Kimekosa nini?"

"Hakijakosa. Ila wanakifanya shahidi wao. Kikitoka paani pako, hapatakuwa na rada ya kusikika, nao hawatakuwa na la kuandika. Mtandao nitauzungusha kwa nyumba nyingine."

Bi Huwaida aliendelea kukuna. "Na Ruba?"

"Ruba ataendelea. Ila hatasikiwa na kitu."

"Na zile sekunde walizokuandikia, ni za nini?"

"Ni za kuaga. Hiki cha tisa huwaambia wenziwe kwamba apita mwenyewe ndia. Wao hujibu haya, mmoja mmoja, wa Faza, wa Pate, mpaka wa Langoni. Kisha wote husogea. Kisha hunyamaza dakika nzima."

"Wote?"

"Kumi na kimoja."

Bi Huwaida aliiacha mbuzi. Nusu ya nazi alibaki nayo mkononi.

"Siku ile aliondoka hakumuaga mtu," alisema. "Nyumba ilikuwa tupu. Mume hayuko, mimi siko. Na kule baharini Hamdu aliita mara nne, hakuna aliyeitika haya." Aliiweka nazi chini. "Sasa waitika kumi na kimoja, kila siku, wewe wataka kuwaondoa. Muwate, Bwana Taha. Apishwe."

"Watazidi kuandika kwamba ni rada yao."

"Na waandike. Wao wana kalamu."

Taha alirudisha bisibisi mfukoni. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, alipanda paani akakaza skurubu mbili zilizolegea. Aliporudi Langoni alifungua daftari na kulitazama lile agizo la kuondoa sekunde sita. Hakuziondoa. Hata betri ya Pate, ambayo alikuwa amenunua mpya yake, hakuibadilisha. Tangu siku hiyo barua ya onyo huja kila mwanzo wa mwezi, sekunde kumi na sita badala ya kumi, naye huitoboa na kuifunga kwenye faili pamoja na zilizotangulia.

Taha alimweleza Obeid siku hiyo hiyo ya Ijumaa, paani, kwa ufupi.

"Kwa hivyo mabao yangu kumi na manne ni Ruba?" Obeid aliuliza. "Ruba wa Huwaida?"

"Ndiye."

"Ambaye hakuwako baharini?"

"Huyo."

Obeid aliifikiria habari hiyo huku akitafuta chaneli ya mpira. Miezi yote hiyo alikuwa miongoni mwa waliouliza barazani, kwa sauti ya kutosha, saa sita hizo alikuwa wapi. Taha hakumkumbusha. Mechi ilikuwa imeanza.

Saa kumi na dakika kumi mpira ulivuka mstari wa katikati. Winga alimpita beki, akamlisha mshambuliaji, na mshambuliaji akainua mguu. Picha ikaganda. Ng'ambo ya pili ya paa taa ya kisanduku iligeuka nyekundu.

Obeid alikuwa amenyoosha miguu yake mbele, kama desturi yake. Aliitazama. Kisha akaivuta, mmoja baada ya mwingine, akaiingiza chini ya kiti, akanyamaza, akangoja apite.